Mama Délice Apima Darubini

Kabla maji ya ziwa hayajapata rangi, wanawake wa Kasenga, hapa Uvira, husimama mchangani na bidoni zao za kuchotea maji wakimtazama mtu mmoja. Maji hawayatazami; maji wamemwachia yeye. Akiinua mkono wanabaki walipo, hata kama uji wa watoto umechelewa. Akiushusha, wanateremka kuchota. Mtu huyo ni Pudentienne Arakaza, mjane wa miaka hamsini na sita, ambaye kila mtu humwita Mama Délice kwa jina la kifungua mimba wake. Kazi yake ni kuangalia viboko.

Alizaliwa katika bonde la Ruzizi, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga. Tangu alipoweza kurusha donge la udongo alitumwa kulinda shamba, kufukuza ndege, na mama yake alimfundisha namna ya kutazama: usilikazie macho shuke moja, maana ndege watakula upande wa pili. Litandaze jicho kama mkeka, shamba zima likae juu yake. Kitakachosogea kitajitaja chenyewe.

Aliolewa Kasenga na Térence, fundi viatu, akaacha shamba la kijani na kupewa shamba la maji. Miaka kumi na mmoja iliyopita kiboko alimvunja jirani yake paja, hatua tano tu kutoka ukingoni. Kesho yake Pudentienne aliamka kabla ya wengine, akasimama pale pale. Hakuna aliyemtuma. Kamati ya ufuko ilipoundwa baadaye na kumletea filimbi na koti la manjano, ilimkuta kazini.

Mwaka huu, katika mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimetulia, akaja Firmin, kijana mwenye adabu anayefanya kazi na shirika moja dogo. Alitoa mfukoni darubini ambayo watu wa huku huiita jumeli. Ilikuwa ndogo mno. Ikikunjwa ililala kiganjani kama samaki aliyekaushwa. Shirika lilitaka ijaribiwe majuma mawili na mtu anayeijua kazi, kisha majibu yaandikwe kwenye karatasi. Karatasi ikisema ni nzuri, kila mlinzi kutoka Kasenga mpaka Makobola angepata yake. Ikisema mbaya, sanduku lingerudi lilikotoka.

Firmin aliitazama karatasi, akamtazama na mama, akasema wangeweza kuijaza siku hiyo hiyo, kwani uzuri wa kitu kile ulikuwa unaonekana.

“Uniachie kwanza,” Mama Délice akamjibu. “Miye bado sijaiuliza kitu.”

Akaanza kuiuliza. Mara ya kwanza aliona duara mbili zilizogombana, akaikunja bawaba yake taratibu mpaka zikawa duara moja. Jicho lake la kulia limechoshwa na moshi wa miaka mingi ya kukausha samaki. Akagundua kwamba kioo cha upande huo kinazungushwa peke yake, akakizungusha mpaka jicho bovu likalifikia jicho zima. Aliifunga katika pindo la kitenge, akatembea nayo siku nzima, akasahau kama anayo. Aliirushia maji yenye sabuni, aliiangusha mchangani, akaipuliza, akatazama tena. Aliiheshimu. Lakini kumheshimu mgeni si sababu ya kumkabidhi ufunguo wa nyumba.

Halafu akamwita mkwe wake, Ornella. Kila siku, kwa saa tofauti, Ornella alisimama kwenye jiwe la kufulia lililo mbali kabisa, akainua vidole kadhaa juu, akavibadilisha mara kumi. Mama Délice alivisoma kwanza kwa macho matupu, kisha kwa jumeli, na jioni wakalinganisha. Wafuaji walicheka mpaka wakaacha nguo. Mmoja akamuuliza Ornella ni nani anayemhesabia vile, na Ornella akajibu bila kushusha mkono kwamba mama mkwe wake ameanza darasa la kwanza, na leo wamefika kwenye saba.

Majibu yalikuja kidogo kidogo, na hayakuwa ya namna moja. Kuanzia saa tatu asubuhi jumeli ilikuwa ajabu: aliona hata pete kwenye kidole. Alasiri ilikuwa bora zaidi, maana jua huwa mgongoni, juu ya milima ya Mitumba, na ziwa lote liko wazi kama meza iliyofutwa. Lakini alfajiri mambo yaligeuka. Huku kwetu jua hutokea ng'ambo, Burundi, mbele ya uso. Kabla halijatoka, vile vioo vidogo vilikunywa mwanga mchache uliopo na kumbakizia giza. Likishatoka, maji yaliwaka ndani yake, na mtu haoni ila weupe. Tena ilikuwa nyembamba. Ilimwonyesha kipande cha ziwa kisichozidi upana wa mlango, naye amezoea kuliona lote.

Na alfajiri ndiyo saa ya bidoni. Ndiyo saa ambayo viboko wanarudi majini kutoka kula majani.

Habari kwamba mama anataka kuandika majibu mawili zilimfikia Basile, rais wa kamati, mwalimu mstaafu, mtu mwema aliyewaahidi walinzi wote darubini kabla ya majuma mawili kwisha. Akaja nyumbani kwake, akakaribishwa kiti, akakikalia ukingoni.

Akamweleza kwa upole kwamba karatasi ina viboksi viwili tu vya kutia alama. Wale wa Makobola hawana chochote, wanatazamia jambo hili kama mvua. Kwa neno moja la kujivuna, sanduku linaweza kurudi.

“Mama Délice, bale bantu banataka jibu moja,” akasema. “Iko muzuri, ao iko mubaya.”

“Na kiboko, mwalimu, yeye iko na saa moja?”

Basile akatikisa kichwa. Mama Délice hakumshinda kwa maneno, na alijua hivyo. Aliwafikiria walinzi wa Makobola, mikono mitupu. Kisha akawafikiria wakiwa na jumeli shingoni, alfajiri, wakiamini walichokiona kwa sababu kimeonekana kwenye kioo. Mlinzi asiye na kitu huogopa, na hofu humfanya aangalie vizuri. Mwenye kitu kinachomdanganya hushusha mkono. Akamwomba mwalimu aje ufukweni kesho, mapema, na Firmin na karatasi yake.

Walikuja. Kulikuwa na mwanga wa kijivu tu, kama wa ndani ya kikapu. Wanawake kama arobaini walikuwa wamesimama, mkono wa Mama Délice uko juu. Akamkabidhi Basile jumeli, akamwambia aangalie yeye, amwambie kama washuke.

Basile aliangalia kwa makini ya mtu anayesahihisha mitihani. Mbele, mahali maji yanapofika kifuani, wavuvi walikuwa wametega nyavu, na juu ya nyavu vilielea vidumu vidogo vya kuzishikilia zisizame. Alivipitia kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyeusi, vya mviringo, vimetulia.

“Ni vidumu saba vya nyavu,” akasema. “Bamama bashuke, banachelewa.”

Hakuna aliyeshuka. Mwalimu alikuwa amesema, sauti yake ilisikika mpaka nyuma, lakini watu wote arobaini waliutazama mkono, na mkono ulikuwa juu. Firmin, aliyekuwa amekwisha kutoa kalamu, aliona hilo na hakuandika kitu.

“Rudia,” Mama Délice akamwambia Basile. “Ngojea wimbi.”

Akarudia. Akasema ni vidumu. Akamwuliza ni kipi anachokishuku, naye akamwambia hiyo si kazi ya kuangalia kimoja.

“Utoe jumeli kwa macho. Ziangalie zote mara moja. Wimbi ikipita, sita zinacheza. Ile ya ine haichezi. Kidumu kinaelea, mwalimu. Kiboko amesimama chini.”

Basile akaishusha darubini. Wimbi dogo lilikuja likitambaa kutoka kaskazini, likakinyanyua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Likapita juu ya cha nne kana kwamba linapita juu ya jiwe. Likakinyanyua cha tano. Kisha kile cha nne kikapumua. Masikio mawili yakatikisika, maji yakaruka pembeni, na kichwa kizima kikainuka, kikubwa kuliko bidoni yoyote iliyokuwa mchangani, kikatazama watu, kikazama. Mstari wa mapovu ukaelekea kusini, mbali na jiwe la kufulia, polepole, bila haraka ya mtu yeyote.

Nyuma yao mwanamke mmoja aliipindua bidoni yake, akaikalia kusubiri. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hawakushangaa. Waliokuwa wakishangaa walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa ameishi Uvira maisha yake yote.

Basile alimwomba Firmin kalamu. Aliiweka karatasi juu ya goti lake, akavikata viboksi vyote viwili kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kile alichokuwa akiambiwa na Mama Délice. Kwamba jumeli hii ni nzuri kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linapotua, na kwamba apewe kila mlinzi kwa saa hizo. Kwamba kabla ya saa tatu asiitumie mtu. Kwamba kwa alfajiri itafutwe yenye vioo vikubwa, inayoona upana, na kama itapatikana moja tu iende Makobola, kwa Victoire, ambaye ameanza kulinda juzi na bado hajajua kutofautisha kiboko na kidumu. Kasenga wasubiri. Firmin akasema kwamba shirika halijawahi kurudishiwa karatasi ya namna hiyo, na kwamba angeipeleka mwenyewe, kwa mkono, na kuitetea.

Chini kulikuwa na nafasi ya jina la aliyepima. Basile, kwa mazoea, akaanza kuandika jina la kamati. Mama Délice aliuona mkono wake unakoelekea, ingawa macho yake yalikuwa bado majini.

“Hapana, mwalimu. Andika Pudentienne Arakaza.”

Akalifuta la kamati, akaandika hilo kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akampelekea karatasi aione. Aliitazama kitambo kidogo tu, akaitikia kwa kichwa. Ng'ambo, milima ya Burundi ilikuwa imepata ukingo wa dhahabu, jua lilikuwa karibu kumwagika juu ya maji, na watu arobaini walikuwa wamekaa juu ya bidoni zao wakiungoja mkono wake.