Starta ya Lori la Jeshi

Jumamosi nilipanga foleni kwenye duka la vipuri hapa Toronto. Mbele yangu walikuwa mama wa Kikongo mwenye sare ya kutunza wazee na Mhindi mmoja, mzee wa Dar es Salaam. Mama aliweka kwenye kaunta starta nzito ya lori. Kabla ya kuipindua aliiambia kwa upole, "Sasa nakugeuza, usiogope."

Nikacheka. Mama akaona haya.

"Usimcheke," mzee akanigeukia. "Ndivyo anavyosema na wagonjwa wake. Mimi daktari wa meno, kabureta naisafisha kwa vifaa vya kung'olea ukoga. Mwenzetu wa tatu anaoka mikate. Tunafufua lori la jeshi lililonizidi umri."

Muuzaji alitikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba starta hiyo haitengenezwi tena, heri lori liende kwenye vyuma chakavu.

Mama hakuondoa mkono wake. "Papa Dokta, mwambie tutaifungua sisi wenyewe."

Nilimuuliza kwa nini amalizie mapumziko yake kwenye lori la jeshi.

"Kwetu Uvira, kamyo za namna hii zikifika, tulikuwa tunakimbilia porini," alijibu, akiifunika starta kwa shuka. "Hii itanguruma siku mimi nitaiwasha."

Wakaondoka, wameibeba kila mtu upande wake. Mimi nilikuja kuomba nibadilishiwe balbu ya taa ya gari. Niliinunua, nikatoka nje kwenye baridi kuifunga mwenyewe.