Roboti Wawili Waliogombea Mstari wa Chai

Wakati ule tukiwa wadogo, na ninyi mliovuka matope ya Gesima mkibeba viatu mkononi ili visichakae mnaujua wakati ninaousema, sinema haikuwa kitu cha kutazama ukiwa umelala kitandani. Ulioga kwanza. Mama alikusugua magoti kwa jiwe, akakupaka mafuta mpaka nzi wakateleza, ukala viazi vitamu vya kukufikisha, kisha mkashika njia ya Keroka kwa miguu, kundi zima. Ilikuwa Jumapili alasiri, kwa maana Jumamosi kwetu ni Sabato, na siku ya Sabato hata kuku alifukuzwa jikoni kwa adabu.

Sinema ilionyeshwa katika ghala la mahindi la mtu aliyeitwa Nyakundi, na miaka yote ya utoto wangu ilikuwa sinema moja tu. Ilikuwa katuni ya Kijapani yenye roboti wawili warefu kupita milima, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu. Mwanzoni kabisa ilitokea namba mbili kubwa, tukajua kwamba ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza hatukuwahi kuiona. Nyakundi alisema iko njiani inakuja. Nilipomaliza darasa la nane ilikuwa bado iko njiani.

Tatizo lilikuwa lugha. Roboti walisema Kijapani, na chini ya picha hapakuwa na maandishi yoyote. Ndipo Nyakundi akamwita Mzee Ogeto, mkalimani wa kanisa letu. Mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake, Ogeto alisimama kando yake akakigeuza kuwa Ekegusii, lugha yetu, akiinua mkono mhubiri alipoinua, akitoa leso mhubiri alipotoa. Kijapani hakukijua hata neno. Sote tulilijua hilo, naye alijua kwamba tunajua. Hata hivyo alisimama kando ya televisheni akiwa na tai shingoni, akatafsiri kwa uzito uleule wa Sabato, na hakuna aliyeona ajabu. Mama, aliyeamini kwamba sinema ni mlango wa nyuma wa Shetani, alishindwa kutukataza. "Kama Ogeto amesimama mlangoni," alisema, "Shetani atapita wapi?"

Alitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu ya madereva wa malori na wachuuzi waliotoka upande wa Kericho. Hapo palizuka matatizo mengine. Katika Ekegusii, tata ndiye mzazi wa kiume, na baba ni mama. Basi Ogeto aliposema kwa Kiswahili kwamba jenerali mwenye ndevu ni baba wa roboti, nusu ya ghala ilielewa kwamba jenerali ndiye aliyewazaa. Akina nyanya walimtazama mama huyo mwenye ndevu na kofia ya vita wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alisema kwamba kulea watoto wa chuma kunaweza kumwotesha mtu ndevu.

Tafsiri zenyewe hazikulingana na midomo. Jenerali angehutubia jeshi zima kwa dakika tatu, mishipa imemtoka, na Ogeto angesema, "Amekataa." Kisha roboti wa buluu angeguna mara moja tu, na Ogeto angeanza: "Anasema kwamba tangu mwaka ule wa njaa, mlipokula kwangu, mkavaa kwangu, hakuna hata mmoja wenu aliyerudi kusema asante, na sasa mnaniletea maneno ya mpaka." Tulikubali. Tulidhani Kijapani ni lugha inayokunjika.

Siku za katikati ya wiki tulicheza tulichokiona. Mimi nilikuwa roboti mwekundu, kwa sababu nilikuwa na kikapu kikubwa cha kuchumia majani chai, nikakivaa kichwani mpaka mabegani. Ndani ya kikapu huoni chochote. Nilipigana na migomba mingi kwa kudhani ni adui, na siku moja nilitembea kwa hatua nzito za chuma moja kwa moja mpaka katikati ya mkutano wa maombi wa akina mama, nikawaamuru wasalimu amri. Mama aliniambia baadaye kwamba mtoto asiyeona mbele huchapwa nyuma, na akatimiza neno lake.

Sasa niwaambie kuhusu mpaka. Tata na ndugu yake mdogo, Amu Makori, walirithi shamba moja la chai wakaligawana. Katikati ukabaki mstari mmoja wa michai ambao kila mmoja alisema ni wake. Mwishowe walinuniana, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake auchume, haukuchumwa na yeyote. Mchai usipochumwa hukua ukawa mti. Ninyi mnaokunywa chai bila kuijua huenda hamkulijua hilo. Mstari ule ulikua mpaka ukapita nyumba zetu kwa urefu, ukachanua maua meupe, ndege wakajenga viota, na sisi watoto wa pande zote mbili tukajificha humo kucheza pamoja, kinyume cha amri.

Wazee wenyewe hawakusemezana kwa miaka saba. Jambo likilazimika kusemwa, Tata alimwambia ng'ombe wetu, kwa sauti ya kufika ng'ambo, kwamba leo kuna mkutano wa mazishi na wenye masikio waende. Amu Makori alimjibu mbuzi wake. Nyanya, mama yao, alilia mpaka akachoka. Wazee wa kanisa walikuja mara mbili, wakanywa chai upande huu, wakanywa chai upande ule, wakaondoka.

Jumapili moja, bila kumwonya yeyote, Mzee Ogeto aliuingiza mstari ule kwenye sinema. Roboti mwekundu alipompiga mwenzake ngumi akavunja daraja, Ogeto alieleza kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja, na wanagombea mstari wa chai. Watu waligeuka kututazama mimi na binamu zangu. Kabla hatujafika nyumbani habari zilikuwa zimefika.

Jumapili iliyofuata Tata alivaa koti lake la ibada akaja Keroka, umbali wa hatua kadhaa nyuma yetu, kama mtu aliyekuwa akielekea huko kwa shughuli zake. Alitaka kusikia kwa masikio yake kama anatukanwa. Tulipoingia ghalani, Amu Makori alikuwa ameshaketi mbele, naye na koti. Tata akaketi upande wa pili. Niliona Ogeto akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akalegeza tai yake kidogo. Kama angewaaibisha mbele ya madereva, mstari ule ungekua mpaka mbinguni.

Sinema ilikwenda kama kawaida. Daraja likavunjika, meli zikaruka, jenerali akakataa. Mwishoni roboti mwekundu alijikokota mpaka kwa yule wa buluu, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamshika kabisa, na akasema maneno kwa sauti ya chini. Jumapili zote Ogeto alitafsiri hapo kitu chochote kilichomjia, mara nyingi aya ya Zaburi. Siku ile aliiacha Zaburi. Kisha akasema, akiwa hawatazami:

"Mkubwa anasema, uchukue huo mstari, ndugu yangu. Mdogo anasema, siutaki. Nilitaka tu uniulize kwanza."

Hapo Nyakundi akazima jenereta. Alikuwa na mazoea ya kuizima wakati wa kumbatio, akisema kwamba kinachofuata ni majina ya watu tu na mafuta ni ghali.

Tulitoka nje tukifumba macho kwa mwanga. Tata na Amu Makori walishika njia moja ya nyumbani, kwa kuwa hakuna nyingine, Tata mbele na Makori nyuma, na sisi watoto nyuma zaidi tukihesabu hatua kati yao. Walipofika kwenye kijito, Tata alisimama akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Amu Makori akamfikia, wakavuka pamoja. Hatukusikia walichosema, kama walisema.

Asubuhi ya Jumatatu tuliamshwa na sauti za panga. Ndugu wawili walikuwa wakikata ile miti ya chai, mmoja kutoka mwanzo wa mstari na mwingine kutoka mwisho, wakiurudisha uwe michai tena. Nyanya alikaa kwenye kigoda akawatazama siku nzima bila kula. Tangu hapo mstari ule ulichumwa kwa zamu, na Tata alikuwa na usemi wake kila tuliponuniana sisi watoto: hata wale wa chuma walielewana.

Basi hayo yalikuwa hayo. Nilikua, nikasoma, sasa nina duka la dawa mjini Kisii na binti wa miaka kumi na minne, Moraa, anayependa katuni za Kijapani kuliko anavyopenda kulala. Nilimsimulia habari za roboti wale mara nyingi hadi akaamua kuwatafuta. Akawapata katika simu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kutafuta miwani. Sehemu ya kwanza ilikuwapo pia, ile iliyokuwa njiani. Mimi nikachagua ya pili, nikaitazama dukani wakati wa chakula cha mchana, safari hii ikiwa na maandishi chini.

Wale hawakuwa ndugu. Roboti wa buluu aliendeshwa na msichana aliyeketi kifuani mwake, ambaye sisi tulidhani ni moyo. Mwekundu alikuwa silaha tu iliyotengenezwa na maadui. Jenerali hakuwa baba wala mama wa yeyote. Na lile kumbatio lilikuwa bomu. Mwekundu alimkamata mwenzake ili asikimbie, yale maneno ya sauti ya chini yalikuwa hesabu ya kurudi nyuma, na sekunde mbili tu baada ya pale Nyakundi alipozima jenereta, wote wawili wakalipuka, na mji wa pwani pamoja nao.

Mteja alikuja kuomba dawa ya kikohozi akanikuta nalia. Alinipa pole, akadhani nimefiwa. Amani ya nyumba yetu, harusi tulizofanya pamoja, mazishi ya nyanya ambapo wanawe wawili walibeba jeneza bega kwa bega, vyote vilisimama juu ya mlipuko. Ningetaka kumuuliza Mzee Ogeto, lakini amelala Gesima miaka mingi sasa.

Niliamua kunyamaza. Moraa hakuamua hivyo. Tulipokwenda nyumbani likizo ya Desemba, aliwaambia wazee kwamba sinema yao imepatikana, na kabla sijaweka mizigo chini, Tata na Amu Makori walikuwa wameketi sebuleni kwenye kiti kimoja kirefu, na makoti yao. Walitazama televisheni ya ukutani kwa heshima. Moraa aliwasomea maandishi kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, bila kukosea. Lilipofika kumbatio nilichukua rimoti nikazima, nikasema yaliyobaki ni majina ya watu tu.

"Mum, bado kuna dakika kumi," Moraa akasema, akawasha kwa simu yake.

Mwanga mweupe ulijaa sebule. Ulipopungua, mahali pa roboti palikuwa na shimo na maji ya bahari yakiingia. Maneno yakatokea, na Moraa akayasoma kama yalivyokuwa: "Lengo limeangamizwa. Hakuna aliyesalia."

Amu Makori aliweka kikombe mezani. Nilimtazama Tata. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya fimbo, akikitazama kioo.

"Huyu aliyeandika hapo chini," akasema mwishowe, "hajui Kijapani."

"Hajui," Amu Makori akaitikia. "Amebahatisha."

Moraa akanitazama, kisha akamtazama babu yake. Akamuuliza kwa adabu kama yeye anakijua.

"Kidogo," Tata akasema. "Tulikisomea Keroka."

Wakamwomba arudishe nyuma kidogo, pale kwenye kumbatio, na wakaanza kubishana ni nani hasa aliyesema uchukue mstari na ni nani aliyesema siutaki. Kila mmoja alikumbuka kwamba ndiye aliyekubali kwanza. Walibishana mpaka uji ukapoa, mpaka mama akaja kuwaambia kwamba hata majirani wamejua. Moraa alikaa katikati yao, akipeleka picha mbele na nyuma kila alipoamriwa, hadi akaacha kabisa kusoma maandishi.

Enzi zetu zilikuwa na upungufu mwingi, na sitaki kuwadanganya kwamba tulikuwa werevu. Tuliona nusu ya hadithi, tukatafsiriwa na mtu asiyejua lugha, tukaamini kwamba jenerali alinyonyesha. Watoto wetu wanaona yote, tangu sehemu ya kwanza, kila neno likiwa mahali pake, na kila mmoja anaelewa peke yake chumbani, waya masikioni. Ukimuuliza Moraa katuni ilimalizikaje atakuambia sawasawa. Lakini sisi tulitoka mle ghalani watu zaidi ya mia, tumedanganywa pamoja uongo mmoja, na tukiwa njiani hakukuwa na mtu aliyetembea peke yake.