Ngumi ya Ugali ya Papa Munyemana

Mtu mzima ndiye mwenye kuamua kinachoingia kinywani mwake. Hivyo ndivyo linavyosema tangazo lililobandikwa katika kituo cha afya alikopimwa Papa Munyemana, kwa herufi kubwa, juu ya picha ya karoti iliyonyooka kuliko karoti yoyote iliyowahi kuota Rusizi. Tangazo halimtaji mtu mwingine yeyote.

Papa Munyemana anauza misumari na rangi Kamembe, njia ya kiwanja cha ndege. Hiyo ni kazi ya siku za wiki. Jumamosi yeye ni mkwe mkuu, yaani msemaji anayepelekwa na familia ya mvulana kumwomba msichana. Upande wa msichana nao huweka msemaji wao, na wawili hao hubishana mbele ya watu kwa heshima kubwa mpaka ng'ombe wa mahari akubaliwe. Munyemana alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, akarudi na ulimi unaobishana kwa lugha tatu. Tumbo alilipata baadaye, kwenye harusi za wilaya nzima.

Tumbo hilo ndilo lililomfikisha kwa muuguzi Niyonsaba, mwanamke mpole. Alimwambia tu kwamba sukari iko mlangoni, haijaingia, na kwamba asianze mambo makubwa. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali usizidi ngumi yake. Anywe maji kabla ya kula, na jioni arudi nyumbani kwa miguu. Munyemana aliitazama ngumi yake, akaona ni kubwa, akakubali papo hapo.

Siku za kazi mambo yalikwenda vizuri. Mkewe, Maman Aurore, alipika lengalenga, mchicha wa kwao, bila kulalamika. Munyemana alipanda kilima cha kwao akihema, akiwasalimu vijana wa pikipiki, ambao walidhani duka limefilisika. Mkanda ulirudi tundu moja. Kisha ikafika Jumamosi.

Safari hii alikuwa anamsemea Bruno, fundi wa pikipiki na jirani yake, aliyempenda Benitha wa Nyakarenzo. Familia ya Benitha nayo ilirudi kutoka ng'ambo ya mto, hivyo sifa zilitolewa kwa Kinyarwanda na ubishi kwa Kiswahili. Msemaji wao, Mzee Hategekimana, mwenye tumbo la kuheshimika kama la mgeni wake, alimkatalia mgeni huyo msichana mara tatu kama desturi inavyotaka, kisha ng'ombe akakubaliwa. Ikabaki kula. Katika familia hiyo, msichana hatoki nje kabla wageni hawajala.

Shangazi yake Benitha, Tantine Mukamana, alileta sahani ya mkwe mkuu kwa mikono yake mwenyewe: ugali, viazi vya kukaanga, sombe ya majani ya mihogo, dagaa wa sambaza, na nyama juu kama paa. Munyemana alinywa maji yake. Kisha akaomba, kwa sauti ya chini, apunguziwe ugali ubaki wa ngumi moja, na viazi virudi.

Tantine aliinyanyua sahani yote. Akarudi nayo jikoni.

Nyakarenzo, mgeni anayerudisha sahani anasema moja kati ya mambo mawili: kwamba hamtaki tena msichana, au kwamba anamshuku mpishi. La tatu halipo. Muda si mrefu ikaja habari kutoka ndani kwamba gauni la Benitha lina tatizo. Tatizo lenyewe halikuelezwa. Bruno, ambaye hakuwa amekula tangu jana kwa furaha, alianza kumwangalia mkwe wake mkuu kama anavyoangalia injini iliyozimika kwenye daraja.

Mzee Hategekimana alichukua kipaza sauti.

"Papa Munyemana, sisi tunakupa mutoto, weye unatuachia viazi. Chakula yetu iko na nini?"

Munyemana alisimama. Sukari hakuitaja, haitajwi mbele ya wakwe.

"Mzee, tangu asubuhi mulinikatalia mutoto mara tatu, na nilicheka. Mie nimekatalia tumbo yangu mara moja tu, munafunga mulango?"

Watu walicheka upande mmoja, kisha upande wa pili. Hategekimana alikisogeza kipaza sauti.

"Kumbe haujakataa. Unabishana."

"Hiyo njo kazi yangu, Mzee."

Sahani ikaletwa tena katikati, na wazee wawili wakaibishania kama walivyombishania msichana. Nyama ilibaki. Sombe iliongezwa. Kwa viazi vilivyosamehewa, mkwe mkuu alipaswa kucheza na mashangazi wote, kwa zamu. Kuhusu ugali, Tantine Mukamana alikata shauri mwenyewe.

"Ngumi moja, sawa. Lakini ngumi yangu njo itapima."

Ngumi ya Tantine ilikuwa ndogo kuliko yake. Munyemana alifungua mdomo kubisha, akaona Bruno anamtazama, akautumia kula.

Gauni lilipona. Benitha alitoka akicheka, na mkwe mkuu alicheza mpaka shati likamshika mgongoni. Wakati wa kuagana, Hategekimana alimvuta kando, akanong'onezwa habari ya kituo cha afya, akauliza muuguzi huyo anafanya kazi siku gani.

Habari ilitangulia kufika kila kilima. Siku hizi hakuna harusi ya Munyemana ambayo sahani yake haijadiliwi kwenye kipaza sauti, na wageni huja mapema wasikose sehemu hiyo.

Mwezi uliofuata, muuguzi Niyonsaba alimpima, akapima tena, akampongeza kwa kuamua mwenyewe, kama tangazo linavyosema. Munyemana alishukuru. Mashangazi wa msichana wa Jumamosi iliyokuwa inakuja walikuwa wameshakutana kupanga atakula nini.