Siku Baba Aliposhuka Garini

Juzi pale Kibaha niliwakuta wenye magari ya kizamani wamekusanyika, wanapiga picha. Harufu ya petroli ikanirudisha Visiga, utotoni. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja, na mchana ule walikuwa wakienda kwenye mkusanyiko kama huo, mbele kidogo ya kwetu. Alisimamisha gari, akashuka, akafuta vumbi la taa kwa mkono wa shati. Nikamkimbilia.

“Shikamoo baba! Umeshuka kunisalimia?”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo.”

Mzungu akahamia kwenye usukani, akaondoka. Leo najua alitaka wenzake wamwone anaendesha mwenyewe. Baba alifuata kwa miguu, akila vumbi. Mimi nilitamba kijijini kwamba gari lilisimama kwa ajili yangu, na baba akaniacha nitambe.