Mgongo wa Mkono

Silvano hagusi kitu cha umeme kwa kiganja. Kwanza hukisogezea mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto aliyelala. Watu wa Bulwa wamemzoea. Kwenye harusi humtania, "Fundi, hiyo spika unaibembeleza?" Naye hucheka pamoja nao, ila mkono haubadilishi desturi yake. Kiganja kikipigwa na umeme hujifumba na kukishika kile kinachokiua. Mgongo wa mkono hurushwa nyuma. Hilo hakufundishwa na mtu. Alimwona Alen.

Walikua pamoja, wote wawili watoto wa wachuma chai, na walianza kazi ya video wakiwa na kamera ya kuazima. Kisha ikaja harusi moja kule Kwamkoro. Mvua ilikuwa inapenya kwenye turubai, na Alen akainama kuuinua waya wa projekta kutoka kwenye majani mabichi. Mwili wake ukaanza kutikisika. Wageni walidhani anacheza, wakampigia vigelegele mpaka alipokata roho, waya bado umefumbwa kiganjani.

Vigelegele vile Silvano huvisikia mpaka leo, hata shambani kwake, hata kanisani kwaya inaponyamaza. Mkewe alishamwambia aache kazi hii alime tangawizi kama wenzake. Lakini Silvano anajua kufanya jambo moja tu analolipenda, nalo ni kuzirudisha sura za watu ukutani, kubwa, zikiwa zinacheka.

Siku ya kuanua matanga ya bibi Evelina, alifika na projekta yake mgongoni, imefungwa kwa nailoni. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Aliacha viatu vyenye tope nje, akaingia peku kwenye sakafu ya saruji iliyotota kwa nyayo za waombolezaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni Silvano huyo? Sogea nikushike."

Mzee Emanueli, mume wa marehemu, aliupapasa uso wake. Presha ya macho ilikuwa imemla mwanga karibu wote, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hata huo uliobaki hautakaa. Kwenye simu haoni kitu, na runinga kwake ni dirisha la ukungu. Ndipo binti yake Modesta, mwalimu wa Lushoto, alipowaza projekta: mama ajae ukuta mzima, labda baba atamwona mara moja ya mwisho. Alikuwa na diski ya harusi yake, ambayo Silvano mwenyewe ndiye aliyeipiga, na deki aliyotumiwa kutoka Dar, ile inayosoma diski za picha kali.

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Watu wakakaa. Silvano alichomeka projekta kwenye soketi, akaingiza humo ncha moja ya waya wa picha, HDMI, akauvuta mpaka kwenye deki. Kabla ya kuichomeka ncha ya pili, aliugusa mdomo wake wa chuma kwa mgongo wa mkono.

Mkono ulirushwa ukagonga ukuta.

Hakupiga kelele. Alisimama pale ganzi ikimpanda mpaka begani, na kwa mbali akasikia vigelegele.

"Fundi anamwogopa marehemu!" alisema Kristian, mpwa wa Evelina, mtu wa masihara hata msibani. Wachache wakacheka.

"Hiyo projekta yako ni nzima?" Modesta aliuliza.

"Asubuhi nimeiwasha kwangu. Ilikuwa nzima." Alitoa mfukoni testa, bisibisi ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye ncha ya waya. Taa yake ndogo ikawaka nyekundu. "Msiguse kitu. Jikoni kuna nini kinachotumia umeme?"

"Friji tu," alijibu Jenoveva, mkamwana wa nyumba, kwa sauti ya chini. "Nalo... tangu msiba linanitekenya. Nikishika mlango linanitekenya vidole. Nilidhani ni mama, hataki nifungue friji lake."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango alivuta kitenge kichwani. "Evelina hataki kuonyeshwa," akasema. "Mwacheni apumzike."

Silvano aliitazama miguu ya Jenoveva. Alivaa malapa ya mpira. Malapa yale, aliwaza, ndiyo yaliyomweka hai.

Alizima swichi kubwa ya nyumba, akatoka nje, akaufuata ukuta wa jiko mpaka ulipokuwa unashuka waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili usimpige mtu. Waya ulishuka vizuri ukutani, ukafika chini, ukaishia hewani. Nondo ya shaba uliyofungiwa haikuwepo. Palipokuwa na nondo palikuwa na udongo mwekundu uliotifuliwa na shada la maua lililolowa. Evelina alikuwa amezikwa migombani, nyuma ya jiko lake, kama wanavyozikwa watu wa kwao.

"Nani alichimba hapa?"

"Sisi," alisema Kristian, aliyekuwa amemfuata. "Kwani vipi?"

"Kulikuwa na chuma."

"Ah, kile kigingi! Kilikuwa kinatuzuia jembe. Tukaukata waya wake, tukaking'oa." Alicheka kidogo. "Chuma kizuri kile. Nimefungia mbuzi."

Wote wawili wakageuka. Pembeni ya migomba, ndani ya ukungu, mbuzi alikuwa anatafuna majani, kamba yake imefungwa kwenye nondo ya shaba iliyotakiwa kuilinda nyumba nzima. Silvano alimweleza Kristian kwa maneno machache: friji linavuja, na umeme wake, kwa kukosa njia ya kwenda ardhini, umerudi kwa waya wa ethi hadi kwenye kila soketi ya nyumba. Kristian alitazama nyayo zake, peku kwenye tope. 

"Jana nimetoa maziwa kwenye friji hilo," alisema. "Nilikuwa nimevaa viatu. Mungu wangu, nilikuwa na viatu."

Silvano alirudi ndani akaanza kuufunga mzigo wake. Aliivuta nailoni kwa pupa hadi ikawa inalia. "Nitakuja siku nyingine," alisema, "umeme ukishatengenezwa."

"Siku nyingine," alisema mzee Emanueli kutoka kwenye kiti chake, "nitamwona kwa macho gani?"

Silvano aliitazama ile mboni yenye wingu, akaona anachoombwa, akatamani mtu mwingine yeyote angekuwa fundi siku ile.

"Kuchomoa friji peke yake hakutoshi, kingine kikivuja kitatupiga vilevile. Ile nondo inabidi irudi ardhini, mzee. Na waya uliobaki ni mfupi. Unafika palepale tu. Miguuni pa kaburi."

"Kugonga nyundo kwenye kaburi bichi?" Kristian alirudi nyuma hatua. "Mimi simo. Nililichimba, siligongi."

"Tate," Modesta alimwita baba yake kwa Kishambaa, "tusifanye hivyo."

Mzee alifikiri. "Waya ule mama yenu alikuwa anaanikia matambara ya jikoni. Nilimkataza mpaka nikachoka. Nenda kagonge, Silvano. Akikasirika, anikasirikie mimi. Nimemzoea."

Alikwenda. Mbuzi alihamishiwa kwenye mgomba. Silvano alipiga magoti kwenye udongo laini, akaomba radhi kimoyomoyo, akagonga. Baada ya kila pigo alitulia na kusikiliza, bila kujua anasikiliza nini. Udongo uliimeza nondo bila kinyongo. Alifunga waya, akaurudia kuufunga, akaukaza kwa koleo. Friji lilichomolewa, na mlango wa jiko ukafungwa. Kisha akawasha swichi kubwa.

Testa haikuwaka. Mgongo wa mkono: baridi ya chuma tu.

Akaichomeka ile ncha ya pili ya HDMI kwenye deki. Ukutani pakatokea samawati, kisha giza lenye maandishi madogo. Yule mama wa mlangoni akaguna. "Si nilisema?"

"Siyo yeye, mama," Silvano alisema, jasho likimtiririka. "Deki inatuma picha kubwa kuliko projekta yangu inavyoweza kupokea. Projekta yangu imezeeka." Hakuweza kupunguza ukubwa wa picha asiyoiona, kwa hiyo alichomeka waya wa njano wa zamani, ule wa picha ndogo. Picha hafifu ya orodha ya deki ikatokea, naye akashusha ukubwa kwa rimoti, akarudi kwenye HDMI. Mgongo wa mkono kwanza. Kisha kuchomeka.

Ukuta ukawaka.

Harusi ilikuwa imejaa jua. Wanawake waliingia wakicheza kwa mstari, na katikati yao Evelina, kitenge cha njano, sahani ya keki kichwani, mzima kutoka sakafuni hadi darini. Modesta aliziba mdomo.

Mzee alikuwa ameinama mbele. Muda ulipita, na Silvano akahisi hofu mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza: kwamba haoni.

"Huyo wa njano," mzee alisema, "uso simwoni."

Modesta akasogea karibu naye.

"Lakini mguu wa kushoto anauburuta. Unaona? Ni utelezi wa pale mtoni, Modesta, nikiwa nimemwambia apite juu. Ulikuwa tumboni." Akanyoosha kidole ukutani. "Huyo ni yeye. Anakuja hivyo hivyo."

Akasimama. Akatembea kuelekea ukutani, mikono mbele, bila fimbo. Na waya wa umeme wa projekta ulikuwa umekatiza njia yake, juu ya saruji iliyotota.

Silvano aliruka. Aliudaka waya, akauinua, akaushikilia juu mpaka nyayo za mzee zilipopita chini yake na viganja vyake vikatua ukutani, kwenye kitenge cha njano kilichokuwa kikitembea juu ya vidole vyake.

Ndipo Silvano alipoutazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeukamata waya kwa kiganja, umefumba. Alijaribu kuufungua, vidole vikakataa. Ilibidi avifungue kimoja kimoja, kwa mkono wa pili, huku Evelina akiendelea kucheza mgongoni mwa mumewe.