Pweza Niliyemtoa Kwenye Mayai

Binti yangu anafundisha biolojia. Ndiye aliyemleta pweza nyumbani kwetu Mwankoko, mbali na bahari, akimtoa Tanga ndani ya deli lenye pampu ya betri, akamweka sebuleni kwenye tangi la kioo la maji ya chumvi. Jirani yangu kila akipita aliuliza, "Mzee, hiyo mboga inaiva lini?"

Pweza akataga. Mayai kama punje za mchele yalining'inia ndani ya chungu kilicholazwa tangini, naye akajibanza hapo, akiyapulizia maji mchana na usiku. Hakula tena. Binti yangu alipokwenda Dodoma kusahihisha mitihani, aliniambia, "Baba, usimguse hata asipokula. Hatakula mpaka wanawe watoke, kisha atakufa. Ndivyo walivyo."

Sikuamini. Nimefuga kuku maisha yangu yote. Kuku akisahau kula kwa kuatamia, namnyanyua kiotani, namwekea mtama na maji. Akishiba anarudi mwenyewe. Mama gani anakufa njaa na chakula kipo?

Basi asubuhi moja nikaingiza mkono. Alining'ang'ania kwa mikono yake minane. Nikambandua mnyiri mmoja mmoja, nikamtia kwenye ndoo ya maji ya tangini pamoja na vipande vya sato, nikatoka kuwafungulia kuku.

Niliporudi pweza hakuwamo kwenye ndoo. Alama ya maji ilikatiza sakafu ya saruji hadi kwenye meza ya tangi. Alikuwa pale, amenata kwenye mguu wa meza, mnyiri mmoja ameunyoosha juu, haujafika kwenye kioo. Mwili umeshika vumbi. Vile vipande vya sato vilikuwa bado ndooni, hakuvigusa. Nikamrudisha majini, akazama kama kitambaa. Nikakaa sakafuni kwenye yale maji.

Nilimpigia binti yangu.

"Shikamoo baba."

"Nimemuua," nikasema.

"Na mayai?"

"Yapo."

"Basi wewe ndiye mama yao. Sogeza mpira wa pampu chini ya chungu, mapovu yapite kando, yasiyapige mayai. Yatakayogeuka meupe kama chokaa yatoe, yasiozeshe mengine. Lakini baba, nilikuambia."

"Uliniambia, mwanangu."

Kila siku nilitoa yaliyoharibika kwa kibano, mpaka kikabaki kishada kimoja. Kisha yakaonekana macho, mawili meusi ndani ya kila yai. Nilishindwa kuyatazama kwa muda mrefu.

Yalipoanza kupasuka, binti yangu alikuwa amesharudi. Kikatoka kitu kidogo kuliko mbegu ya alizeti, minyiri minane kamili, kikatua juu ya jiwe jeusi na papo hapo nacho kikawa cheusi. Nani amekifundisha? Nikashika kinywa. Mkono wangu mwingine ulikuwa tayari umeshika kopo la makombo ya sato. Nikaurudisha nyuma.

"Hawa wanakula nini?" nikauliza.

"Afadhali leo umeuliza," akasema binti yangu, akalichukua lile kopo.