Dobi wa Kundi la Matarawe

Kwa miaka kumi na mmoja Oliva Mapunda aliujua mganda wa ziwani kwa uchafu wake tu. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Kila mwezi wa nane, mavuno yakishaingia ndani, wanaume wa kundi la Matarawe, hapa Songea mjini, walipanda lori kwenda kushindana ngoma huko Mbamba Bay, na kabla ya safari walimletea Oliva kaptula kumi na nane, mashati kumi na manane na jozi kumi na nane za soksi ndefu, zote nyeupe. Maana mganda, kwa asiyeujua, ni ngoma ya watu nadhifu. Wanaume hupanga mistari kama askari wa gwaride, hupuliza vibuyu, ngoma kubwa inaunguruma pembeni, na mwenye doa moja ni aibu ya kundi zima. Oliva alizifua, akazitia bluu, akazikaza kwa wanga wa muhogo, akazinyoosha mpaka kaptula ikiwekwa mezani inasimama yenyewe.

Wiki moja baadaye zilirudi, na hapo ndipo alipokuwa anasoma habari za safari. Huyu kaanguka. Huyu kamwagiwa pombe ya komoni. Huyu kalala mchangani, tena si peke yake, na hiyo rangi ya midomo kwenye kola atamweleza mkewe mwenyewe. Oliva alifikicha na kusonya, akijiambia kwamba watu wazima wenye watoto wanasafiri siku nzima juu ya lori kwenda kujigaragaza. Ukimwambia aende akaone, alikuwa anacheka tu. Kuona nini zaidi, wakati ushahidi wote uko kwenye beseni?

Kazi yake hasa ilikuwa udobi wa hospitali, hospitali moja ambayo sitaitaja. Alifua huko miaka ishirini na miwili. Mwaka wa tisini na nne, wakati serikali inapunguza watu kila idara, na yeye akapunguzwa. Alipewa barua ya mistari minne inayosema huduma yake haihitajiki tena, akarudi nyumbani na mikono yake. Na mikono ile, jamani, haikujua kukaa. Mapazia ya sebuleni yalifuliwa mara tatu kwa wiki, mpaka mumewe Makarius akasema yataanza kuonyesha jirani anakula nini.

Mwezi wa saba akaja Edmund, kapteni wa kundi. Alimwamkia, akakaribishwa kiti, akakaa akizungusha kofia mkononi. Kijana yule ana mdomo mwepesi, lakini siku hiyo maneno yalimkwama. Mwisho akasema. Mwaka uliopita walikuwa wamecheza vizuri kuliko wote, ila kwenye alama za usafi walipewa mbili kati ya kumi. Na baadhi ya wenzake walikuwa wakisema dobi wao amechoka. Ndiyo maana hata hospitali wamemwacha.

Maneno yale yalimwingia Oliva pabaya, kwa sababu na yeye alikuwa ameshajiuliza hivyo hivyo, alfajiri akiwa macho. Labda kweli. Labda mikono imezeeka na mwenyewe hajui, na barua ile ya mistari minne ilijua.

Edmund akaharakisha kusema kwamba yeye haamini. Anaamini ni vumbi la njiani. Kwa hiyo alikuwa anamwomba aende nao mwaka huu, aziangalie nguo huko huko mpaka dakika ya mwisho.

Kwa siku nne nyumba ile ilikuwa na jambo moja tu. Makarius, ambaye kwaya ya parokia inamtosha kwa fujo zote za dunia, alisema hapana, akataja walevi, wezi na madereva. Mwalimu Frida, jirani yao kutoka Moshi, alisema aliwahi kwenda. Alikanyagwa, akapoteza kiatu, akaibiwa kitambaa cha kichwa kikiwa kichwani, na kama si mtoto mchanga angeenda tena kesho. Maneno hayo hayakumsaidia mtu kuamua. Oliva mwenyewe aliogopa umati, aliogopa ule mteremko wa kwenda ziwani, lakini kilichomwogopesha zaidi ni kwenda na kukuta waliosema vile walisema kweli. Akikaa nyumbani angeweza kulaumu vumbi maisha yake yote.

Siku ya tano alimwambia Makarius, "Baba Imelda, mimi nakwenda. Kama mikono yangu imekwisha, bora nijue."

Makarius alimwangalia, akaenda kumtafutia sanduku la bati lenye kufuli.

Walisafiri Ijumaa. Wanaume waliimba toka Peramiho mpaka Mbinga. Oliva alikalia sanduku lake, zile nguo nyeupe zikiwa ndani, amefunga kitenge mpaka puani, anasali. Jioni, walipofikia kwenye nyumba ya mwenyeji wao ufukweni, alifungua kufuli mbele yao wote. Vumbi lilikuwa limepita hata hapo, jekundu, laini, limekaa kwenye kila mkunjo. Wanaume wakatazamana. Wale waliosema dobi amechoka wakaanza kutazama ziwa. Na Oliva? Moyo wake ulipoa. Angeweza kusema basi, mmeona, kesi imekwisha, akala samaki wake akalala. Badala yake akauliza ngoma inaanza saa ngapi kesho. Saa nane mchana, wakamwambia. Akauliza mawe gani hapa yanapata jua mapema.

Kulipopambazuka alikuwa majini mpaka magotini. Nguo hamsini na nne, ukihesabu jozi ya soksi kama moja, na sabuni ya mche mikononi. Wanawake wa ufukweni walikuja kuchota maji wakasimama kumtazama, maana Oliva akifua huwa hafui kama watu. Hafanyi haraka, hapigi kelele, lakini nguo ikitoka mkononi mwake huwezi kuamini ndiyo ile. Mmoja akamletea kamba. Mwingine akamkorogea wanga. Kufika saa nne mawe yote yalikuwa meupe, na nyuma yake tamasha limeshaanza kuchemka: makundi manane yanapiga ngoma kwa mpigo, gari la wanunuzi wa kahawa linatangaza zawadi kwa spika, akina mama wa ngoma ya kioda wamefunga duara wanazunguka na filimbi zao, watoto wamepanda juu ya mapaa, samaki wanakaangwa, walevi wanakumbatiana na watu wasiowajua. Fujo tupu! Oliva alikuwa ananyoosha kaptula kwa pasi ya mkaa, jasho linamtiririka, mara akagundua kwamba kiuno chake kinafuata ngoma chenyewe. Akakiachia.

Saa nane kundi la Matarawe likaingia uwanjani, na uwanja wote ukasema aaa. Waling'aa mpaka macho yanauma. Oliva alisimama pembeni akiwa na gauni lake lililoloa, na alijua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mikono yake ilikuwa mizima.

Mkaguzi wa usafi alikuwa Mzee Remmy, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipita mtu kwa mtu. Aligeuza kola, alipekua makwapa, aliinama kutazama soksi mbele na nyuma. Alipomaliza mstari wa mwisho akauliza nani amewafulia. Wakamsukuma Oliva mbele. Umati ukanyamaza kidogo ili usikie.

"Mama," mzee akasema, "mimi sijaona kitu. Wewe mwenye kazi, unasemaje? Imekamilika?"

Oliva alitupa jicho kwenye mstari, kwa mazoea tu. Henry, wa tatu toka mwisho, alikuwa amekula andazi akiwa ameshavaa, akajifutia kidole kwenye soksi, ndani, pale miguu inapokutana. Doa la mafuta, dogo kama punje ya maharage. Edmund naye akaliona, akamwangalia Oliva kwa macho ya kuomba.

"Bado, baba," Oliva akasema. "Wa tatu pale, soksi ya kushoto, upande wa ndani."

Mzee Remmy akarudi, akainama, akaliona. Akaandika tisa.

Walicheza, mtu asije akawadanganya, kama watu waliopandwa na kitu. Lakini ng'ombe wa zawadi alikwenda na kundi la Lituhi, kwa alama moja.

Jumapili, baada ya misa, wakapanda lori. Hakuna aliyeimba. Henry alikaa nyuma kabisa. Wengine walimpisha Oliva kwa adabu ile ya kumpisha mtu ambaye umemkasirikia lakini ni mkubwa wako. Walipanda milima yote hivyo hivyo, mpaka karibu na Mbinga, ndipo Edmund akashindwa kuvumilia.

"Mama Imelda, yule mzee alikuwa ameshapita. Kwa nini ulisema?"

Macho ya Oliva yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha.

"Miaka ishirini na miwili nimefua shuka za wagonjwa," akasema. "Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuinyanyua moja akaitazama. Walionipunguza hawakujua nafua vizuri au vibaya. Jana mtu mzima ameinama, amepekua soksi zangu moja moja, halafu akaniuliza mimi. Edmund, mwanangu, ningemdanganyaje?"

Lori liliendelea kupanda. Edmund akawageukia wenzake akawaambia wasogee, mama anyooshe miguu.